Jina Tulilolipeleka na Maji

Mama yangu mpendwa,

Nimelitaja. Lile jina la kwanza la Mwanaheri, mjukuu wako uliyemlea, nimelitaja kwa sauti mbele ya mwanaume nisiyemjua, nimeshika msahafu. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, hupendi mtu anayezunguka mbuyu. Sasa nakuomba usinikasirikie mpaka nifike mwisho.

Nakuandikia barazani kwangu hapa Kibiti, nyuma ya meza ya mchele. Mteja akija nitampimia, kisha nitarudi kwako. Najua barua haifiki huko uliko, na hata ingefika, wewe ulikuwa mtu wa kusomewa, si wa kusoma. Lakini kila ninayemweleza jambo hili ananiambia, "Tulia, Riziki, limekwisha." Kwangu halijaisha mpaka nikwambie wewe.

Unakumbuka wiki aliyozaliwa? Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mpunga, na Mbwera nzima tunavushana kwa mitumbwi kwenda kwa jirani. Mke wa kaka Seif alijifungua alfajiri, na adhuhuri alikuwa ameshatangulia. Wewe ulikaa na kichanga mapajani, unalia, unasema neno moja tu, unalirudia. Aliyekuja kuuliza mtoto anaitwa nani akaondoka na neno lile lile. Hukulichagua, Mama. Ulikuwa unalia tu. Seif naye, kwa uchungu wake, akaenda akakata cheti cha kuzaliwa kwa jina hilo hilo.

Kisha mtoto akawa mtu wa degedege. Kila masika tunamshika mikono na miguu, macho yamegeuka, na wewe unajipiga kifua: "Miye ndiye niliyemwita hivi. Jina linamla mtoto." Nilikwambia mara ngapi kwamba ni homa? Hukunisikia. Ulisubiri avunje ungo, na alipovunja ungo hukusubiri tena.

Siku ya kumtoa mwali tulikwenda naye mkondoni, wanawake peke yetu, maji yakitoka kwenda baharini. Mengine hayaandikwi, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hayaandikwi. Ila hili halina siri, maana kwetu kila mtu analijua: mwali hatoki na jina la utoto. Mimi ndiye niliyekuwa somo wake, wa kumfunda. Nilikishika kichwa chake, Bi Hadija, nyakanga mkuu wa unyago wetu, akasema maneno yake, na jina lile likaenda na maji. Tukampa la mama yako, Mwanaheri. Na kuanzia siku hiyo atakayemwita kwa jina la zamani atatoa kuku, ampe mwali na amwombe radhi.

Kwa wengine ingeishia hapo. Wewe, Mama, kesho yake ulijifunga kanga mbili, ukashika bakora, ukaenda shuleni. Mwalimu mkuu aliniambia baadaye kwamba ulikaa mlangoni kwake mpaka alipofuta jina kwenye daftari la darasa na kuandika Mwanaheri. Uliporudi ulikuwa unacheka peke yako. "Nimewamaliza," ulisema. Basi mtoto akasoma kama Mwanaheri, akafanya mitihani kama Mwanaheri, na cheti chake cha kidato cha nne kikatoka kwa jina hilo. Degedege nalo likakoma. Ulijisifu kijiji kizima.

Hakuna aliyekumbuka kwamba cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado kwa Seif.

Seif alipopata ile bahati nasibu ya viza alikwenda Marekani peke yake, na baadaye akamwombea mwanawe. Ubalozi haukuuliza cheti cha shule, uliuliza cha kuzaliwa. Pasi ya kusafiria ikafuata hicho, na kadi yake ya ukaazi wa kudumu ikafuata pasi. Siku tulipomsindikiza ulimshika mashavu yote mawili: "Ukiitwa lile jina usiitike. Hata aite nani." Akasema, "Siitiki, bibi." Ukanigeukia na mimi: "Na weye ni shahidi."

Nilikuwa shahidi. Ndiyo maana haya yote yameniangukia mimi.

Mwezi uliopita Mwanaheri alinipigia simu, sauti imemkauka. Unajua kazi aliyokuwa akifanya kule? Ni kiwanda cha kuku, yeye na baba yake, kwenye chumba baridi, kukata mapaja kuanzia kuingia mpaka kutoka. Wewe tulikwambia anafanya kazi jikoni, ili usilale ukiwaza baridi. Akili yake yote ilikuwa kwenye uuguzi. Chuo kilishamkubali, lakini ada ya kule haina mzaha, na Seif ana watoto wengine watatu wa mke mpya.

Alipomwambia baba yake kwamba anataka kuomba msaada wa serikali wa masomo, Seif alikuja juu. Alinipigia na mimi, anataka nimsaidie kumkanya.

"Siye si raia, Riziki," aliniambia. "Ile hela ina wenyewe. Ukijipendekeza leo, siku ukiomba uraia wanakwambia ulikula cha watu, rudi kwenu."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Watu wote hapa wanajua."

Nawajua watu wote wa Seif. Ndio wale wale waliomwambia kwamba Marekani hakunyi mvua. Lakini binti umemlea wewe, hakubishana. Aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya chuo, akauliza. Mama mmoja akamweleza polepole kwamba mwenye ukaazi wa kudumu anaomba msaada ule sawa na raia, kadi yake inatosha, na wala haimharibii kitu siku akitaka uraia. Ananiambia alitoka pale anataka kuruka.

Wakaitazama kadi yake, kisha wakaomba cheti cha kumaliza sekondari.

Unaona tulikofika, Mama? Kadi ina jina moja na cheti kina lingine. Kwa macho yao, mwenye kadi hakusoma, na aliyesoma hana kadi. Yule mama akasema kinachotakiwa ni kiapo cha mtu mzima wa ukoo, aliyemjua tangu kuzaliwa, kiapwe huku kwetu, kiseme majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Seif yuko huko huko, na mkondoni hakuwepo jina lilipobadilika, angeapaje? Wewe umeshakwenda. Nimebaki mimi. Na kiapo kilitakiwa kiwe kimewafika kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo msaada wa mwaka huu unafungwa na nafasi yake anapewa mwingine.

Nikamjibu, "Hapana."

Sikufikiri hata kidogo, neno lilitoka lenyewe. Akasema, "Shangazi, nikikosa hii nitakata kuku mpaka nizeeke."

Nilikata simu nikakaa. Nilikuwa namwona akiwa mdogo, povu mdomoni, na wewe unajipiga kifua. Niliogopa, Mama. Watu watanicheka kwamba ni mwanamke wa mjini, nina simu ya kugusa na bado naogopa jina. Wacha wacheke. Wao hawakumshika yule mtoto miguu.

Nikaona sitathubutu bila ruhusa ya nyakanga. Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikaingia boti ya kwenda Mbwera. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, maji yakakupwa tukiwa njiani, boti ikakaa kwenye tope katikati ya mikoko. Nahodha akajilaza. Wenzangu wakatoa mihogo ya kukaanga wakala. Mimi peke yangu nimesimama kama mlingoti, natazama tope, nahesabu kwamba leo ni Jumatano.

Bi Hadija nilimkuta uani anapepeta mpunga. Amezeeka lakini ulimi bado ni ule ule.

"Umekuja mbio mbio, nani kafa?"

"Hajafa mtu, bibi. Nimekuja kuomba ruhusa."

Nilipomaliza kueleza, ungo ulikuwa umetulia mapajani.

"Lile jina tulilipeleka na maji," akasema. "Na weye ndiye uliyekishika kile kichwa. Leo unataka kwenda kulizoa?"

"Miye silitaki, bibi. Wenye chuo ndio wanalitaka. Liko kwenye kadi yake."

"Kwa nini halikufutwa? Si Mama yako alikwenda na bakora?"

"Alikwenda shuleni tu. Ya cheti cha kuzaliwa hatukuyajua."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Kuku walikuwa wanadonoa mpunga wake na hakuwafukuza. Nikajua amekasirika.

"Mama yako angesema nini?"

"Angenipiga na mwiko."

"Angekupiga," akakubali. "Kisha angekwambia nenda, mtoto asome."

Nililia pale pale, Mama. Tangu tukuzike nilikuwa sijalia vizuri.

Lakini humjui Bi Hadija kama unadhani aliniachia hivi hivi. Sharti la kwanza, nitoe kuku wa mwali kama mtu mwingine yeyote. Sharti la pili ndilo lililonitoa jasho: jina nilitaje maji yakiwa yanatoka. "Likitajwa maji yakija, linarudi nayo. Likitajwa yakitoka, halina pa kukaa."

"Bibi, wakili yuko Kibiti. Kibiti kuna maji gani?"

"Maji ni haya ya hapa Mbwera. Yakigeuka nitakubipu."

Basi Alhamisi nikawa kwa wakili, kijana mdogo mwenye chumba kimoja karibu na stendi. Nilishamtumia picha za kadi na cheti, na kiapo alikwisha kukichapa. Jambo la kwanza alilofanya nilipoingia ni kushika karatasi na kufungua mdomo asome. Nikamrukia. "Soma kimoyomoyo, mwanangu!" Akanitazama kama mtu anayetafuta mlango uko wapi. Nikamwambia nitasubiri nje.

Nikakaa kwenye benchi, nina udhu, simu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Maji yalikuwa bado yanajaa. Akaja mtu wa kiwanja, nikamwambia apite. Akaja mama na mkwewe wanaogombania pikipiki, nikawapisha. Wakili akatoka.

"Mama, zamu yako."

"Apite huyu."

"Mama, nina kesi mchana, naondoka. Umekuja kuapa au kupumzika?"

"Nasubiri maji, mwanangu."

Akaniletea chupa ya maji ya kunywa. Mtoto wa watu ana adabu, nikayanywa.

Adhuhuri ikaadhiniwa, nikasali pembeni, nikarudi. Wakili akaanza kukusanya mafaili. Akatia kalamu mfukoni. Akatafuta funguo. Mimi naomba kimoyomoyo, Bi Hadija usilale, Bi Hadija usilale. Nikawaza kwamba labda mtandao hakuna, labda simu yake imezima, labda maji yamegeuka tangu zamani na mimi nimekaa hapa nimemnyima mtoto maisha yake kwa ajili ya mkondo usioonekana. Nikasimama. Nikakaa. Wakili alikuwa ameshafunga dirisha.

Pindo la kanga likatetemeka.

Niliingia mle ndani kabla hajageuka. "Sasa," nikamwambia. "Sasa hivi, mwanangu, fungua." Akaweka mafaili chini, akanipa msahafu. Nikataja jina langu, nikataja la Mwanaheri, halafu nikageuka kutazama mlangoni. Wakili akasubiri. Nakuambia kweli, niliona kama umesimama nyuma yangu na mwiko. Nikalitaja. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mtu aliyepita nje akageuka.

Muhuri ukapigwa. Duka la jirani la kutoa nakala wakaipiga picha hati, nikamtumia Mwanaheri. Baada ya muda nikaona imefunguliwa, amesoma. Hakujibu.

Nikampigia, hapokei. Nikampigia Seif, hapokei. Ijumaa asubuhi, kimya. Ijumaa jioni, kimya. Jumamosi nilimpimia mteja kilo mbili badala ya moja, na yeye kwa uaminifu wa watu wa siku hizi akaondoka nazo. Kila simu ikiita nairukia. Nilikuwa nimeshamwona amelala kwenye sakafu ya kile kiwanda, macho yamegeuka, na hakuna wa kumshika miguu wala anayejua kwamba anatakiwa alazwe ubavu. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba nimemrudishia mtoto wa watu jina lake?

Jumapili ndipo akapiga.

"Uko hai?" Hilo ndilo lililonitoka, hata salamu sikumpa.

"Niko hai, Shangazi. Kiapo niliwapelekea saa ile ile."

"Sasa mbona umeninyamazia siku zote hizi? Na baba yako?"

"Nilimwomba asipokee. Nilikuwa na aibu."

"Aibu ya nini?"

Akaanza kulia. Anasema, kwenye hati kuna maelezo yangu yote, kwamba jina liliachwa kwa mila na halitajwi. Na nilishamwandikia nimekwenda hadi Mbwera kumwomba nyakanga. "Umehangaika hivyo, Shangazi, kwa jina ambalo huku naitwa kila siku."

"Nani anakuita?"

"Wote. Kiwandani, hospitali, kwenye basi la kazini. Ndilo liko kwenye kadi. Uwanja wa ndege walipoliita mara ya kwanza nilinyamaza, kama bibi alivyosema. Wakaliita tena, nikanyamaza. Mara ya tatu askari akasimama, nikaitika."

Na wewe, Mama, ulikuwa ukimuuliza kila ukiongea naye: "Wanakuitaje huko?" Anakujibu, "Mwanaheri, bibi." Ulikata roho unajua hivyo. Anasema hiyo ndiyo iliyokuwa ikimchoma, kwamba alikudanganya mpaka mwisho.

Nilipandwa na hasira, sitakuficha. Nimekaa kwenye tope, nimemlilia Bi Hadija, nimemchelewesha wakili wa watu, kumbe jina linatembea Marekani kwa miguu yake! Nikafungua mdomo nimpashe. Kilichotoka ni kicheko. Nikamwambia, "Basi Marekani nzima inadaiwa kuku." Akacheka huku analia. Akasema, wanao wa kutosha, anawakata yeye mwenyewe.

Kisha nikamuuliza lile nililotaka kuuliza tangu mwanzo. "Na degedege?"

"Sijaugua hata mafua."

Mama, hili ndilo lililonikalisha kuandika. Nenda rudi yote ile ilinisahaulisha, lakini usiku wake nililala nikaliwaza. Mtoto ameitwa jina lile kila siku tangu alipoondoka, asubuhi na jioni, maji yakija na maji yakitoka, na wala halijamla. Ilikuwa homa. Ilikuwa homa tangu siku ya kwanza, na wewe uliibeba miaka yote ile kama umemtia sumu kwa mdomo wako. Sitaki kugombana na nyakanga, na kuku nimemtoa. Ila nataka ujue hukumdhuru mjukuu wako. Ulikuwa unalia tu, Mama.

Kuku nimemnunua tetea mweusi, nimemfunga hapa uani, maana kuku wa mwali haliwi na mwingine. Ameshaanza kutaga. Mwanaheri akija atamkuta na ukoo.

Na juzi jioni amenipigia tena. Msaada umetoka. Si wote, lakini pamoja na akiba yake unatosha kuanza. Kiwanda amekiaga. Seif aliichukua simu, akakohoa, akasema, "Kumbe iliwezekana." Sikumjibu, ila niliacha asikie kwamba sikumjibu.

Nikipata nafasi baada ya mavuno nitakuja Mbwera nikusomee Yasini na nikueleze haya kwa mdomo. Kwa leo lala salama, Mama. Mungu akupe kauli thabiti na akuwekee nuru.

Nilibakiwa na jambo moja la kuandika. Nimeweka kalamu chini, nimempimia mteja, nimefagia uwanja, nikingoja. Bi Hadija amenibipu sasa hivi, maji yanatoka.

Mjukuu wako Tabu anaanza chuo.

Mimi mwanao, kitinda mimba wako na shahidi wako,
Riziki